Kifua cha chatu mchanga katika msimu wa baridi: dhana potofu na ukweli

Kati ya Mei na Agosti Lubumbashi huwa katika kiangazi chenye baridi, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa wanaofuga chatu nyumbani, huu ndio msimu wa kuwaona wachanga wao wakipumua kwa shida, na ndio msimu ambapo tiba za kubahatisha, ingawa hutolewa kwa nia njema, humdhuru mnyama kuliko ugonjwa wenyewe.

Dhana inayoua zaidi husema kwamba nyoka ni mnyama wa damu baridi, kwa hiyo baridi haimsumbui. Kinyume chake ndicho kweli. Kwa kawaida mwili wa nyoka haujipashi wenyewe bali hupokea joto kutoka nje, na joto hilo likipungua, chakula hakimeng'enywi vizuri, kinga hudhoofika, na bakteria waliokuwa wakiishi kinywani bila madhara hupata njia ya kushuka mapafuni. Upande mmoja wa sanduku la chatu uwe na nyuzi 30 hadi 32, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili achague mwenyewe mahali pa kulala. Anayeumwa asipunguziwe joto hata usiku. Joto hilo lipimwe kwa kipimajoto, si kwa kiganja cha mkono, na kifaa cha kupasha moto kisimguse, kwa sababu nyoka huweza kuendelea kulala juu ya kitu kinachomuunguza. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaa hufaa kwa saa chache. Mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), isiingizwe chumbani kamwe: moshi wake huyaumiza mapafu yaliyokwisha kuugua, na gesi ya makala isiyo na harufu huua hata watu waliolala.

Wengine husubiri kusikia kikohozi ndipo waamini kwamba nyoka ana kifua. Nyoka hana kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) kama chetu, wala hawezi kukohoa kwa nguvu, hivyo makamasi hubaki ndani na kuziba njia ya hewa. Dalili za kutazama ni mapovu puani au mdomoni, sauti ya mluzi anapovuta pumzi, kinywa kinachoachwa wazi, na kichwa kinachoinuliwa juu muda mrefu. Mojawapo ya hizo yatosha kumpeleka kwa daktari.

Mchanga akikataa kula, wapo wanaomsukumia panya kooni au kumpa maziwa ili apate nguvu. Maziwa si chakula cha nyoka, na mlo wa lazima ndani ya mwili uliopoa hutapikwa au huoza tumboni. Anachohitaji upesi ni joto na maji safi, kwani aliye mdogo hukaukiwa haraka kuliko mkubwa.

Ipo pia imani kwamba kidonge cha antibiotiki kilichonunuliwa rejareja, kikikatwa vipande, kitamponya. Dozi ya nyoka hukadiriwa kwa uzito wake wa gramu, mara nyingi kwa sindano, na baadhi ya dawa hizo huharibu figo za mnyama aliyekaukiwa maji. Tena dawa haifanyi kazi ipasavyo katika mwili baridi. Matibabu huweza kuchukua wiki kadhaa, na kuyakatiza kwa sababu mapovu yametoweka ni kuukaribisha ugonjwa urudi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na hapo ni mahali pazuri pa kuulizia daktari anayewajua nyoka. Mwenye mnyama aende na uzito wake, vipimo vya joto vya mchana na usiku, na tarehe ya mlo wa mwisho. Asubuhi za Julai chatu asafirishwe ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri na kuwekwa katika kisanduku chenye matundu ya hewa, pamoja na chupa ya maji ya vuguvugu pembeni, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa hata nyoka mwenye afya huweza kubeba bakteria wa salmonela.