BMS ya lithiamu kwenye mashua ya tanga: tazama kwanza inavyokata umeme

Wengi wanaotafuta BMS, yaani mfumo wa kusimamia betri, huulizia ampea kwanza: ninunue ya 100 au ya 200? Ampea nitazifikia. Kwenye mashua ya tanga mimi huanza na jambo jingine: siku itakapokata umeme, nini kitazimika na nini kitaungua? Usiku, mbali na pwani, BMS ikikata kila kitu kwa mpigo huzimika taa za njia, otopailoti, redio ya VHF na pampu ya ngama. Kwa hiyo natafuta mambo mawili: itoe onyo kabla ya kukata, na iweze kusimamisha chaji bila kugusa matumizi. Kanuni E-13 ya ABYC, baraza la viwango vya mashua la Marekani, iliyotoka mwaka 2022, nayo inataka nahodha aonywe kwa taa au kwa sauti kabla betri haijajitenga.

Nazungumzia seli za LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfati, nne kwa mfululizo, mfumo wa volti 12. Kila seli ina kawaida ya volti 3.2, isivuke 3.65 na isishuke chini ya 2.5. BMS hupima seli moja moja kwa sababu jumla huficha mambo. Chaja ikisoma volti 14.0, huenda seli zote nne ziko 3.50, au tatu ziko 3.44 na ya nne imefika 3.68. Chaja haiwezi kutofautisha hali hizo mbili, na katika hali ya pili seli ya nne inaharibika huku kila kitu kikionekana shwari.

Kuna BMS zinazokata kwa mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, na ndizo zilizofichwa ndani ya betri nyingi zinazouzwa zikiwa zimefungwa tayari. Umeme wote wa betri unapita ndani yake. Ni ndogo, ni nafuu, na kwa mashua yenye taa, friji ndogo na vyombo vya urambazaji zinatosha. Udhaifu wake ni kwamba mosfeti ikiungua, mara nyingi hubaki imeshikana: umeme unaendelea kupita na BMS haina tena uwezo wa kuuzuia. Tena ile 100 ya kwenye kibandiko ni ya mahali penye hewa. Ndani ya kasha lililofungwa jirani na injini mimi huhesabu 60 hadi 70.

Nyingine hazipitishi umeme mkubwa. Zinapima seli, kisha zinaiamuru kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku iliyo nje. Hizi ndizo ninazopendekeza kwa benki kubwa ya betri, hasa yenye inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Funga kontakta mbili, moja ya baa ya chaji (kipande cha shaba kinapokutana nyaya za chaja) na nyingine ya baa ya matumizi. Seli ikijaa kupita kiasi, chaji inakatwa na taa zinaendelea kuwaka. Seli ikishuka mno, matumizi yanakatwa na sola inaendelea kujaza. Angalia tu koili inakula kiasi gani: ya ampea 1 inameza Ah (ampea-saa) 24 kwa siku, na mashua iliyotia nanga ikitegemea paneli moja itaumia. Zipo zinazoshuka hadi ampea 0.1 au 0.2 zikishashika, na zipo zinazokula wakati wa kubadilika tu. Hizi za mwisho, BMS ikifa, hubaki pale zilipokuwa, kwa hiyo lazima ziwe na kitufe cha kukata kwa mkono.

Sasa alteneta, yaani jenereta ya injini, mahali ambapo hasara kubwa hutokea. Lithiamu hupokea karibu chochote inachopewa, na alteneta inasukuma kwa nguvu zake zote hadi betri inapokaribia kujaa. BMS ikikata ghafla wakati huo, nishati iliyomo kwenye koili za alteneta haina pa kwenda. Volti zinaruka, na kwenye mfumo wa volti 12 zinaweza kupita 80 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Zinakufa dayodi za alteneta, na pamoja nazo chochote kilichobaki kwenye baa ileile.

Mpangilio sahihi ni huu: seli iliyo juu kuliko zote ikigusa 3.55, BMS inatuma ishara ya kusimamisha chaji. Kidhibiti cha nje kinakata umeme wa fildi, yaani koili ya sumaku inayoifanya alteneta izalishe, alteneta inatulia, na sekunde chache baadaye, kama volti bado zinapanda, ndipo kontakta inakata. BMS isiyo na waya wa ishara hiyo usiiunganishe na alteneta moja kwa moja. Badala yake acha alteneta kwenye betri ya risasi ya kuwashia injini, kisha weka chaja ya DC kwa DC ya ampea 30 au 50 kati yake na lithiamu. Betri ya risasi itameza mruko wowote, na alteneta haitachemka kwa kulazimishwa kutoa ampea zake zote kwa saa nzima. Kwa mashua ndogo hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Ishara hiyohiyo ipeleke kwenye kidhibiti cha sola, maana vingine huharibika betri ikiondolewa wakati jua linawaka.

Ampea basi. Inveta ya wati 2000 yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta karibu ampea 185 kwa volti 12. Ongeza winchi ya nanga ya ampea 90, na BMS ya 200 itakata katikati ya kung'oa nanga. Zaidi ya hapo, kapasita za inveta huvuta mkupuo mkubwa zinapounganishwa, na BMS huudhania kuwa shoti. Rezista ya ohmu 30, wati 25, ikitangulia kuzijaza kwa sekunde chache kabla swichi kuu haijawashwa, humaliza tatizo hilo.

Fyuzi bado inahitajika. Seli nne kubwa zikipata shoti zinaweza kutoa zaidi ya ampea 10,000, kwa hiyo weka ya aina ya Class T, yenye uwezo wa kukata 20,000, karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Fyuzi nyingi za aina ya ANL huishia 6,000.

Ukiunganisha betri kadhaa sambamba, kila moja na BMS yake, kumbuka kwamba moja ikikata mzigo wake unawaangukia wenzake. Mbili za ampea 100 hazibebi mzigo wa 150 kwa usalama.

Mipangilio ninayoanza nayo: chaja ziishie volti 14.0 hadi 14.2, onyo la juu 3.50, kukata 3.65, onyo la chini 3.00, kukata 2.80, chaji izuiwe chini ya nyuzi joto 0. Usawazishaji, yaani BMS kulinganisha chaji za seli, uanze juu ya 3.40 pekee. Chini ya hapo volti za seli karibu hazibadiliki hata chaji ikitofautiana, na BMS itaishia kunyonya seli isiyo na kosa.

Nyaya nyembamba za kupimia ndizo huleta usumbufu mwingi kwa sababu ya chumvi. Tumia za shaba iliyopakwa bati, kila moja na fyuzi yake ndogo, na kila kichwa kikazwe juu ya uso uliosuguliwa. Seli moja ikisoma tofauti, pima kwa multimita moja kwa moja kwenye seli. Multimita ikisema 3.33 na BMS 3.21, kosa liko kwenye kiungo.

Kabla ya kusafiri, ijaribu BMS kwa kupandisha kwa muda kiwango cha onyo la chini hadi juu ya volti ya sasa ya seli. Kengele ilie na isikike hadi kwenye usukani. Fanya hivyo pia kwa kiwango cha kukata cha chini, kisha kwa upande wa juu ukishusha kiwango cha ishara ya chaji peke yake: injini ikiwa taratibu, ampea za alteneta zishuke hadi sifuri kontakta ikiwa bado imeshika. Kontakta ikiruka kwanza, zima injini na ufuatilie waya wa fildi. Mwisho rudisha kila namba mahali pake na uziandike ndani ya mfuniko wa kasha.