Mwanamume hajapungukiwa ubavu

Ujumbe ule wa zamani bado unazunguka kwenye magrupu yetu ya Bagamoyo: eti mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, kwa kuwa Hawa aliumbwa kwa ubavu wa Adamu. Si kweli. Mke kwa mume, kwa kawaida wana mbavu 24, jozi 12. Mwombe tabibu akuhesabie kwenye picha ya eksirei. Kujipapasa kunadanganya, maana jozi mbili za chini hazifiki mbele. Mwanzo 2:21 inamzungumzia Adamu, haisemi wanawe walipungukiwa. Fundi majahazi aliyekatwa kidole na msumeno, wanawe si huzaliwa na vidole kumi? Wengi tuliyasikia haya utotoni, tena kwa watu tunaowaheshimu. Ukitumiwa, usiusambaze, uishie kwenye simu yako.