Pesa za Inua Jamii haziishi kwa mnazi

Hapa Mombasa, Kongowea hata Likoni, utaskia watu wakisema, mpe maskini pesa mkononi uone, yote yataishia pombe ya mnazi na muguka, yale majani ya kutafuna ya kulevya, na kesho hafanyi kazi. Nimeliskia toka utotoni na linaniuma sana, coz wanaoumia ni watoto.

Sasa kuna profesa anaitwa Sudhanshu Handa, wa chuo cha North Carolina kule Marekani, yeye na wenzake wamefuatilia miaka mingi mipango ya serikali za Afrika ya kupea familia maskini pesa bila masharti, na ule wetu wa mayatima ulioanza 2004, ambao sasa uko ndani ya Inua Jamii, umo, ile shilingi elfu mbili kwa mwezi. Mwaka 2018 wakachapisha matokeo ya mipango minane. Pombe na sigara? Hazikuongezeka. Uvivu pia hawakuuona, wala watu kuzaa zaidi ndo walipwe. Hapa Kenya hasa, vijana wa hizo nyumba walienda sekondari zaidi, na mabinti wakapata mimba za mapema kwa uchache kuliko wenzao ambao nyumba zao hazikupewa.

Na ukifikiria si ajabu, mama mwenye wajukuu watatu akishika elfu mbili anawaza unga, sare, deni la dukani, pengine kuku wawili wa kufuga. Walevi wapo, ndio, hata kwa wenye mishahara wapo na hakuna anayesema mishahara ikatwe.