Mikoko Haihesabiwi Siku ya Kupandwa

Kampuni zinapoungana kutunza pwani ya Tanga, imani ya siku nyingi ni kwamba miche ya mikoko ikiwa mingi, pwani itapona haraka. Sivyo.

Mbegu ya mkoko, ndefu kama kijiti, huchomekwa theluthi moja ndani ya tope, chipukizi likiwa juu, kwa nafasi ya mita 1 hadi 2. Kazi ni rahisi, na kosa huanzia hapo: watu huchagua tope tupu linaloonekana maji yakipwa. Mara nyingi tope hilo liko chini mno. Maji hulifunika saa nyingi, mizizi hukosa hewa, mawimbi huung'oa mche. Ukingo wa mbele baharini ni makao ya mlilana, aina nyingine ya mikoko, si mkoko huu wa mbegu ndefu.

Kwanza ulizeni kwa nini hapo hapaoti kitu. Kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, aghalabu kizuizi ni tuta. Likikatwa penye mkondo wa zamani, maji huanza tena kujaa na kupwa, na kama msitu uko karibu, bahari yenyewe huleta mbegu. Huenda msihitaji mche hata mmoja.

Hapo ndipo ushirikiano unapofaa: mmoja alipie upimaji wa kimo cha ardhi, mwingine ukataji wa tuta, mwingine ulinzi wa wanakijiji kwa miaka kadhaa. Kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kitangulie, maana mikoko ni hifadhi. Na ripoti zihesabu miti iliyo hai baada ya mwaka 1, kisha 3, kisha 5.