"Net iko slo" haitoshi kuleta faiba kijijini

Mimi nafundisha mambo ya mitambo ya mawasiliano hapa Mombasa, na wikendi zingine tunatoka na wenzangu wa chuo tunaingia Kinango, Samburu, Bamba, hata Vanga kule mpakani, kuongea na watu kuhusu intaneti. Kila tukifika ni lile lile: "Net iko slo." Sasa uliza slo vipi, saa ngapi, laini gani? Watu wanaangaliana tu.

Na inauma, maana mlango wenyewe ni huku kwetu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa 2009, EASSy ikaja 2010, LION2 2012, na zingine zimefuata. Kabla ya hapo tulikuwa twategemea setilaiti za kilomita 36,000 juu, yani ombi lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke, nusu sekunde ishakwenda hata hujaona kitu. Saa hii faiba, ule waya wa kioo unaobeba intaneti, inafuata barabara kuu kuelekea Nairobi, lakini wewe ukiwa ndani ndani huko, mbali na lami, yakupita tu, kama lile bomba la maji ya Mzima linalokuja Mombasa huku watu wa njiani bado wamebeba mitungi.

Sasa kuna kitu watu hawaambiwi. Slo ziko za aina tofauti na kila moja ina dawa yake. Kama alfajiri net inakimbia vizuri alafu saa mbili usiku inakufa, hapo busta, yani mnara wa simu, imelemewa, mko wengi mnagawana kidogo kilichopo. Kama simu yaonyesha netiwaki imejaa lakini hata picha haifunguki mchana kutwa, mara nyingi shida ni ile njia inayolisha busta yenyewe, kwa sababu busta nyingi za vijijini hazijaungwa na faiba, zinarushiana mawimbi moja hadi nyingine kwa yale madishi ya duara, na mkondo ukiwa mwembamba hata usimame chini ya busta haikusaidii. Na kama netiwaki ni kidogo mchana na usiku, basi busta iko mbali ama kuna kilima katikati. Ukienda kudai busta mpya wakati shida ni mkondo, utajengewa na bado utalia.

Alafu kuna kuaplodi, ambako wengi hatupimi. Mwalimu mmoja huko Kinango alinionyesha simu yake ameiegemeza kwa kikombe cha chai dirishani, ndo pembe pekee inayoshika, anapandisha faili ya MB 10. Hesabu yake ni hivi: MB moja ni biti milioni 8, kwa hivyo faili ni megabiti 80, na kwa spidi ya megabiti 0.2 kwa sekunde ni sekunde 400, karibu dakika saba, na hapo ni kama haikukatika. Yake ilikatika, ikaanza upya.

Kwa hivyo chukueni daftari. Wiki mbili, mara tatu kwa siku, pahali pale pale, pimeni kwa spidi testi ya simu, muandike: tarehe, saa, laini, spidi ya kudaunlodi, ya kuaplodi, na ping, yani muda wa ombi kwenda na jibu kurudi. Piga skrinshoti. (Spidi testi inakula bando, mchange.) Mkiwa watu kumi wa kijiji kimoja, hayo si malalamiko tena.

Anzeni na kampuni ya simu yenyewe, na msitoke bila namba ya malalamiko. Wakiwazungusha, pelekeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na hapo mtaje Mfuko wa Huduma kwa Wote kwa jina, kwa sababu kampuni zinachangia mfuko huo asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na umewekwa kwa ajili ya pahali ambapo biashara peke yake hailipi. Mkitaka kujua eneo lenu limepangiwa nini, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu.

Kaunti nayo msiiache. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, muulizeni MCA, mwakilishi wenu wa wadi, kama barabara mpya itawekewa mabomba ya kupitishia faiba, kwa sababu kuchimba ndo gharama kubwa, waya wenyewe si kitu. Mimi ningeanza na dispensari na shule, duka la M-Pesa na saiba zitafuata zenyewe.

Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iko tangu 2023, ni nzuri, setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550, lakini mtambo ni pesa, na ukitaka kuuzia majirani lazima uwe na leseni. Mamlaka ilishaweka utaratibu wa leseni za mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii yenyewe tangu 2021, ulizieni.

Yule mwalimu daftari ashaanza. Mstari wa kwanza: saa moja na dakika kumi asubuhi, aplodi 0.2, na pembeni ameandika "dirishani, na kikombe".