Kisima cha Kaole na chemchemi inayoifaa Bagamoyo

Miji mingi duniani siku hizi hulikumbuka chimbuko lake kwa kujenga chemchemi uwanjani: birika kubwa, pampu iliyofichwa, maji yaleyale yakizunguka mchana kutwa. Bagamoyo ikitaka yake, sisi wa mambo ya kale tungeomba wabunifu waanzie Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji.

Wageni wengi hupiga picha magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, kisha huondoka. Kisima hukitupia jicho tu. Lakini bila maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hatua chache kutoka baharini, mabaharia wangetia nanga kwa nini, na waumini wangetawadha kwa nini?

Siri iko ardhini. Mvua hupenya mchanga na matumbawe, ikatuama juu ya maji ya bahari bila kuchanganyika sana, kwa kuwa lita ya maji baridi ina gramu 1,000 na ya bahari takriban 1,025. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiishusha mita hiyo moja, chumvi nayo hupanda kujaza nafasi. Wenyeji wa Kaole waliteka kwa ndoo, juujuu. Mota huvuta kwa pupa, na kisima kikishaingia chumvi huchukua miaka kupona.

Mchanga na mikoko viliiziba bandari ya Kaole, na biashara ikahamia Bagamoyo; ndiyo maana chimbuko la mji tunalitafuta Kaole.

Kwa hiyo chemchemi hiyo, kwa maoni yangu, iwe ya matumbawe na chokaa, na lazima iwe na bomba la kunywa bure. Pwani yetu mtu huchimba kisima kikawa sadaka au wakfu. Maji ya kutazamwa tu, mpita njia ana kiu, yangekuwa aibu kwetu.

Nawe mwenye kisima cha mota karibu na ufuo, onja maji yako hasa kiangazi. Yakianza kukolea chumvi, punguza kuvuta mara moja na uwape taarifa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.