Je, wajua? Pombe ya pakanga ilisingiziwa wazimu

Wasomaji wengi wa Biblia wanalijua jina pakanga bila kuuona mmea wenyewe: Mithali 5:4 inautumia kama kipimo cha uchungu. Huko Ulaya mmea huo ulikuwa dawa ya minyoo na tumbo, mpaka mwishoni mwa karne ya 18 watu wa Val-de-Travers, Uswisi, walipoanza kuitengenezea pombe kali pamoja na anisi na shamari. Ndiyo absinti.

Ilinyweka kwa madoido. Kijiko chenye matundu juu ya glasi, kipande cha sukari juu yake, kisha maji baridi tone kwa tone, na ile rangi ya kijani inageuka nyeupe kama tui. Si uchawi: mafuta ya anisi hukaa yameyeyuka ndani ya alkoholi, ila maji yakizidi hujitenga.

Mwaka 1905, kijijini Commugny, Uswisi, kibarua Jean Lanfray aliwaua mkewe mjamzito na binti zao wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi mbili za absinti. Alikuwa amekunywa pia mvinyo kwa malita na brandi, lakini hayo nani aliyataka? Lawama zote zikaangukia absinti, kwamba ndiyo inayotia watu wazimu. Uswisi ikaipiga marufuku 1910, Marekani 1912, Ufaransa 1915.

Mshtakiwa hasa alikuwa tujoni, kemikali iliyomo kwenye pakanga. Ina makali kweli: huzuia GABA, ambayo ni breki ya ubongo, na ikizidi huleta degedege. Daktari Mfaransa Valentin Magnan alilionyesha hilo kwa kuwapa wanyama mafuta halisi ya pakanga. Ila mafuta halisi si glasi ya baa. Chupa za kabla ya marufuku zilipopimwa, matokeo yaliyotolewa 2008 yalionyesha wastani wa miligramu 25 hivi za tujoni kwa lita. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi 35 kwa kilo. Alkoholi, kwa upande wake, ilifika hata asilimia 70. Mnywaji angezimika kwa ulevi zamani kabla tujoni haijamfikisha kwenye degedege.

Uswisi iliirudisha kihalali 2005. Na ile pakanga tamu inayolimwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya dawa mseto ya malaria ni binamu tu. Inayotafutwa humo ni artemisinini, kemikali nyingine kabisa.